Kumsamehe Ndugu na Kumkataa Mfitini



Leo twataka kulizungumza neno moja linalowatatiza Wakristo wengi, wazee kwa vijana. Maandiko yatuamuru kusamehe pasipo kuchoka. Na Maandiko hayo hayo yatuamuru kumwepuka mtu aletaye faraka katika kundi. Je, amri hizi mbili zapatanaje? Mtu awezaje kumsamehe mwenzake na kumkataa, asiwe mnafiki?

Wahenga wetu nao walitusemea pande zote mbili. Walisema kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huyo ndiye anayetaka mbaya atolewe upesi. Tena walisema kuwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na wakipatana, chukua kapu ukavune. Huyo ndiye anayetuonya tusijitie kati kwa haraka, kwa maana leo wagombanao kesho watakula sahani moja. Methali zote mbili ni za kweli. Kazi ya mwenye akili ni kujua ipi yafaa lini.

Swali hili si la vitabuni tu. Ukipita siku ya Jumapili katika vitongoji vya Dar es Salaam, upande wa Temeke, Tandika na Mbagala, au upande wa Kinondoni, Mwananyamala na Manzese, utasikia kengele, ngoma na vinanda vya makanisa mengi, na pengine makanisa mawili yatazamana ng'ambo na ng'ambo ya njia moja. Baadhi yake yalizaliwa kwa kuwa watu wamezidi, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mengine yalizaliwa kwa ugomvi.

Tukumbuke pia kuwa wenyeji wa vitongoji hivyo wametoka mikoa yote, Mtwara, Kigoma, Mbeya, Kilimanjaro na kwingineko, na wengi wao hawana shangazi wala mjomba mjini. Kwao usharika ndio ukoo. Washarika ndio watakaokuja mtoto akiugua, ndio watakaokaa matanga, ndio watakaochanga fedha za jeneza. Basi kumtoa mtu katika kundi, mahali kama hapo, si kumwambia tu asiimbe kwaya. Ni kumwacha bila watu wa kumzika. Kwa hiyo yatupasa kulifikiri jambo hili kwa hofu.

Sisi wenyewe tulifundishwa hofu hiyo kwa kosa letu. Katika usharika mmoja wa upande wa Temeke, ambao hatutautaja jina, palikuwa na mzee mmoja, fundi seremala, mtu wa sauti kali na maneno machache. Washarika walikuwa wamechanga fedha za mabati ya kanisa kwa muda wa miaka miwili, na mabati hayakuonekana. Mzee yule akasimama katika mkutano akauliza hesabu. Mkutano wa pili akauliza tena. Wa tatu akauliza kwa ukali, hata akina mama wengine wakashika vichwa.

Palikuwa na mtu mwingine katika usharika huo, mpole wa maneno, mwepesi wa kucheka. Huyo hakusema neno mkutanoni. Lakini jioni alipita nyumba kwa nyumba. Huku alisema kuwa fundi awachukia watu wa mkoa fulani. Kule alisema kuwa watu wa mkoa huo wamekula fedha. Baada ya miezi michache jambo la mabati lilikuwa limegeuka kuwa jambo la makabila. Wazee wa kanisa wakaogopa. Wakafungua Waraka kwa Tito, wakasoma juu ya kumkataa mtu wa faraka, wakatuuliza tunasemaje. Tukainua mikono, sisi nasi tukiwamo, tukamtoa fundi katika kwaya na katika jumuiya.

Mwaka haukuisha, yule mpole akaondoka na nusu ya kwaya, akafungua mahali pake pa sala katika nyumba ya kupanga. Ndipo tulipojua kuwa tulikuwa tumemwita mfitini mtu asiye mfitini, na mfitini mwenyewe tulikuwa tukimpa chai.

Tulikosea wapi? Hebu tuyatazame Maandiko yenyewe, tukianza na sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, kwa maana hapo amri zote mbili zimewekwa pamoja. Bwana Yesu aeleza namna ya kumwendea ndugu aliyekosa. Kwanza, mwendee peke yake, wewe na yeye tu. Asiposikia, mwendee pamoja na mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Asiposikia bado, liambie kanisa. Asipolisikia hata kanisa, na awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru.

Watu wengi huikumbuka hatua ya nne na kuzisahau tatu za kwanza. Ndivyo tulivyofanya sisi. Hakuna hata mtu mmoja aliyebisha hodi kwa fundi yule, akakaa naye barazani na kumwuliza, "Mzee, una nini moyoni?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ufa tuliuona, tukaupita kila Jumapili, mpaka ukuta ukaanguka.

Tena yafaa kuangalia mahali maneno hayo yalipowekwa. Mara kabla yake pana mfano wa mtu mwenye kondoo mia, aliyemwacha kundi zima akamtafute mmoja aliyepotea. Mara baada yake Petro auliza kama yatosha kusamehe mara saba, naye ajibiwa kwa hesabu ya sabini mara saba. Kisha waja mfano wa mtumwa aliyesamehewa na mfalme wake talanta 10,000, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100.

Wanafunzi wetu na wapige hesabu hiyo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Talanta moja ilihesabiwa kuwa kama dinari 6,000. Basi talanta 10,000 ni ujira wa siku 60,000,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kila mwaka angehitaji miaka 200,000 ailipe. Deni la mwenzake lalipika kwa siku 100. Kwa hiyo amri ya kumtenga mkosaji imewekwa katikati, kama mtu aliyeshikwa mkono huku na huku: upande mmoja mchungaji amtafutaye aliyepotea, upande wa pili deni kubwa lililofutwa. Mtu aitoaye amri hiyo mahali pake na kuitumia peke yake, ameishika fimbo ya mchungaji na kumwacha mchungaji mwenyewe.

Na ule usemi wa mtu wa mataifa na mtoza ushuru tuusome kwa akili. Bwana Yesu aliwatendeaje watoza ushuru? Alikula nao nyumbani kwao, hata akalaumiwa. Injili hiyo yasimulia jinsi alivyomwita Mathayo mwenyewe atoke katika meza ya ushuru. Basi mtu wa namna hiyo hakabidhiwi uongozi wa kundi, lakini hafungiwi mlango wala hanyimwi salamu. Huanza kutafutwa upya.

Sasa tuuliza, mfitini ni nani hasa? Hapa ndipo penye hatari, kwa maana jina hili ni jepesi kulitupa na zito kuliondoa. Katika Waraka kwa Tito, aliyeachwa katika kisiwa cha Krete ayatengeneze makanisa, Paulo asema kuwa mtu wa namna hiyo aonywe mara moja, tena mara ya pili, kisha akataliwe. Neno la Kiyunani alilolitumia lina maana ya mtu ajichagulie upande wake na kuwavuta wengine waufuate. Na mstari uliotangulia wataja mabishano ya upuzi na ugomvi wa nasaba. Haukumtaja mtu aulizaye swali la haki.

Katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, Paulo awaonya watu juu ya wale waletao faraka kinyume cha mafundisho waliyopokea, naye atoa alama mbili za kuwajua: huyatumikia matumbo yao wenyewe, na maneno yao ni laini, ya kuwasifu watu ili kuwadanganya wanyofu. Yaani alama ya mfitini si ukali wa sauti. Mara nyingi ni utamu wake. Tena yafaa kuangalia kuwa onyo hilo limewekwa katikati ya salamu, ambamo zaidi ya watu 20 wametajwa kwa majina yao, wanaume kwa wanawake. Aliyewaonya watu hivyo alikuwa mtu ajuaye majina ya ndugu zake.

Iko alama nyingine, nayo yatisha zaidi. Katika Waraka wa Tatu wa Yohana tunasoma habari za Diotrefe, mtu aliyependa kuwa wa kwanza. Alikataa kuwapokea ndugu wageni, na waliotaka kuwapokea aliwazuia na kuwatoa katika kanisa. Hapo mfitini si yule aliyetolewa. Ni yule aliyetoa. Basi kabla ya kuuliza, "Nani tumtoe?" kila baraza la wazee lijiulize kwanza, "Je, Diotrefe ni sisi?"

Mambo haya hayakuishia zamani za mitume. Yametokea katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na kumbukumbu zake zipo. Katika miaka ya 1930 palitokea uamsho mkubwa wa kikristo uliotoka Gahini katika Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliouingia waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka. Waliungama dhambi zao waziwazi, walirudisha vitu vya wizi, wakakataa rushwa. Lakini baadhi yao waliwahukumu wenzao kwa ukali, hata makasisi wakaambiwa hadharani kuwa hawajaokoka.

Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, mahali walipofundishwa wachungaji wa Kanisa la Anglikana la Uganda, wanafunzi wa kundi hilo walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kusali pamoja na kuhubiri. Mkuu wa chuo akawakataza, akiona kuwa chuo chagawanyika. Wao, wakiongozwa na William Nagenda, wakakataa kuacha. Mwezi wa Oktoba wanafunzi 26 wakafukuzwa.

Nani alikuwa na haki? Sisi walimu twamwelewa mkuu wa chuo, kwa maana shule isiyo na utaratibu haifundishi. Twawaelewa na wanafunzi pia, kwa maana sala si kosa. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Waliofukuzwa hawakujenga kanisa lao ng'ambo ya njia. Walibaki katika Kanisa lile lile lililowaaibisha. Nalo Kanisa, ingawa liliwatoa chuoni, halikuwafungia mlango wa ibada. Nagenda hakupata ukasisi, walakini alihubiri katika nchi nyingi. Na mwaka 1966, Kanisa hilo la Uganda, Rwanda na Burundi lilipompata Askofu Mkuu wake wa kwanza Mwafrika, alikuwa Erica Sabiti, mtu wa uamsho ule ule. Kama mwaka 1941 pande zote mbili zingesema, "Tumemalizana," Kanisa lingejinyima mchungaji huyo.

Mahali pengine ufa haukuzibwa. Huko Nyanza, katika Kenya, mabishano juu ya uamsho huo yalizidi, hata mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi kubwa likiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga likajitenga na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Kundi hilo lilijulikana kwa jina la Johera, yaani kwa Kijaluo watu wa upendo. Hatutaji jina hilo kwa dhihaka. Twalitaja kwa sababu latufundisha kuwa watu waweza kutengana huku kila upande ukiamini kuwa wenyewe ndio unaoulinda upendo.

Basi turudi kwenye swali letu la kwanza. Kusamehe na kukataa zapatanaje? Sisi twaona hivi. Kusamehe ni kulifuta deni: sitakulipiza, sitakuombea mabaya, sitafurahi ukianguka. Hilo twalipa bure, kwa kila mtu, hata kabla hajaomba. Kumkataa mfitini ni jambo jingine: ni kumnyima nafasi ya kuendelea kuwaumiza wanyonge. Mtu akiiba akiba ya chama, waweza kumsamehe siku ile ile, lakini si lazima umrudishie ufunguo wa sanduku siku ile ile. Msamaha hutolewa, uaminifu hujengwa, tofali juu ya tofali.

Mfano mmoja wa watu wa siku zetu ni Askofu Festo Kivengere, naye mtu wa uamsho, ambaye zamani alikuwa mwalimu katika Dodoma. Mwaka 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari. Kivengere akakimbia na mkewe kwa miguu, wakavuka milima usiku mpaka Rwanda. Mwaka ule ule aliandika kitabu ambacho jina lake lasema kuwa yeye ampenda Idi Amin. Lakini hakurudi kumpigia makofi, wala hakunyamaza juu ya mauaji. Alimsamehe mtu, akakikataa kitendo, akakaa mbali na mkono uliokuwa ukiua, akarudi kwao mwaka 1979 utawala ule ulipoondolewa. Mambo yote mawili yalikaa katika moyo mmoja.

Na tena kukataa kuna mpaka. Paulo awaandikia Wathesalonike wajitenge na mtu asiyetii, lakini mara hiyo hiyo aongeza kuwa wasimhesabu kuwa adui, bali wamwonye kama ndugu. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, habari za mtu aliyeadhibiwa na wengi, asema kuwa adhabu ile yatosha; sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Waalimu wengi wa zamani walisema kuwa huyo ndiye yule aliyetengwa katika Waraka wa Kwanza, na wengine wasema ni mtu mwingine. Vyovyote iwavyo, fundisho ni moja: adhabu isiyo na siku ya mwisho si adhabu ya kikristo.

Paulo mwenyewe alijifunza hilo. Yohana Marko aliwaacha njiani katika Pamfilia, na safari ya pili Paulo akakataa kabisa kumchukua, hata akaachana na Barnaba, rafiki yake, kwa ajili hiyo. Lakini katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, akiwa kifungoni, aagiza Marko aletwe, kwa maana amfaa katika kazi. Aliyekataliwa ameitwa, na aliyemkataa ndiye aliyemwita.

Tulipokwisha kuyatafakari hayo, tulikwenda kwa fundi yule. Tulimkuta amekaa barazani, akipiga randa ubao. Tukasema, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu, karibu ukae." Tukamweleza kuwa tumekuja kuomba radhi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimekwisha kuwasameheni zamani. Lakini lile jina mlilonipa mbele ya watu, mmekuja kulichukua kwa siri, jioni, barazani kwangu."

Neno hilo lilituchoma. Kosa tulilolifanya hadharani tulitaka kulitengeneza gizani. Jumapili iliyofuata tulisimama kanisani, sisi na wazee wawili, tukasema mbele ya wote kuwa tulimhukumu pasipo kumsikiliza, na kuwa swali lake la mabati lilikuwa la haki. Siku hiyo hesabu ya fedha ikaagizwa isomwe. Yeye hakuwapo, alikuwa amekwisha zoea kusali Mwananyamala, kwa binti yake. Hajarudi kwetu. Lakini mwaka uliopita tulipofiwa, alikuja na mbao zake na misumari, akatengeneza jeneza, akakataa ujira.

Na yule mpole? Naye twamsamehe, maana deni letu ni talanta 10,000. Tukikutana njiani twasalimiana, akiugua twamtazama. Lakini hatumpi nafasi ya kusema mbele ya kwaya yetu, mpaka atakapokuja kuzungumza nasi juu ya maneno aliyoyapeleka nyumba kwa nyumba. Wazee wawili wamekwisha kumwendea mara moja. Wamepanga kwenda mara ya pili.

Basi ninyi mlio na usharika, au chama, au hata ukoo wenye ugomvi, shikeni mambo haya machache. Mwendeeni mtu peke yake kabla ya kumtaja mkutanoni. Mpimeni kwa matendo yake, msimpime kwa sauti yake. Anayeuliza hesabu mbele ya watu wote, msimwite mfitini, mchungueni anayenong'ona. Mkilazimika kumkataa mtu, mwambieni ni kwa ajili ya nini, na mlango wa kurudia uko wapi. Na ikiwa ninyi ndio mliokosa, ungameni mahali pale pale mlipokosea.

Mungu atusaidie.